Mama Alipocheza Tango na Daktari

Harufu ya poda ya watoto bado hunirudisha mbali. Wenzangu wakiinusa hukumbuka vichanga. Mimi huiona sakafu ya saruji ya ukumbi mmoja pale Moshi mjini, imenyunyiziwa poda ili viatu viteleze, na watu wakicheza tango, ile dansi ya wawili wawili kutoka Argentina.

Tulikuwa tukienda Jumapili mchana, baada ya ibada, tukishuka kutoka kijijini kwetu Uru na nguo zetu za kanisani. Wazungu waliofanya kazi mjini ndio walioanzisha dansi hiyo, na wenyeji wakajiunga kidogo kidogo: walimu, mafundi, waongoza watalii mlimani kama baba yangu. Baba aliipenda tango mno. Alimfundisha mama jikoni, katikati ya ndoo na mikungu ya ndizi, hadi bibi akasema nyumba ile sasa ina wendawazimu wawili.

Kisha, nilipokuwa darasa la nne, baba akaacha kucheza. Aliacha na mlima pia, akisema anapumzika tu, mlima hauna miguu ya kukimbia. Tukipanda kurudi nyumbani alisimama mara kwa mara, eti anaangalia kahawa za watu.

Ukumbini alikaa benchi la nyuma, na mama akawa anacheza na Daktari Mario, Mzungu mrefu asiyecheka. Walicheza vifua vimegusana, mama amefumba macho. Kodiani ya muziki ule ililia kama mtu aliyevuta pumzi akakawia kuitoa. Mimi nilikaa mbele kabisa, nimemkazia macho yule daktari. Wakimaliza, walisimama mlangoni wakinong'ona, na mama alirudi macho mekundu.

Kijijini nako maneno yalifika. Jirani yetu, Mama Aikande, alinisimamisha njiani nikitoka kukata majani ya ng'ombe.

"Ndeshi, mwangalie mama yako," aliniambia. "Lisemwalo lipo; kama halipo, laja."

Tangu siku hiyo nililala na hofu. Mwishowe nikamuuliza baba kwa nini hachezi na mke wake.

"Nikicheza naye simwoni," alisema. "Nataka nimwone."

Nilimwonea huruma, nikidhani hajui kitu.

Baba alifariki asubuhi moja, kabla kahawa haijaiva shambani, ameketi kibarazani, bakuli la mtori wa ndizi mapajani lingali moto. Daktari Mario alikuja mazikoni, akashika koleo pamoja na baba zangu wadogo.

Mama alinieleza nilipokuwa mtu mzima. Moyo wa baba ulikuwa umechoka. Daktari ndiye aliyemkataza mlima na tango, na pale mlangoni alikuwa akimweleza mama hali ilivyo. Baba mwenyewe ndiye aliyemwomba acheze na mama, ili mama naye asiache tango. Wakakubaliana sisi watoto tusijue.

Kumbe lililosemwa lilikuwa njiani kweli, ila halikuja kwa mlango niliokuwa nikiulinda. Jumapili zote zile nilikaa mbele nikimchunga mama asiibwe, na baba nimempa mgongo.