Siku Nilipokoroma Mbele ya Wazee wa Pangoni

Hata leo nikipita sokoni Wundanyi na mtu akacheka nyuma yangu, nageuka haraka nikidhani ananicheka mimi, kwa hiyo afadhali niseme mwenyewe: mimi ndiye yule msichana aliyekoroma mkutano mzima wa kanisa ukamsikiliza, na huko kukoroma ndiko kulikokuwa na nafuu, kwa sababu yaliyotangulia na yaliyofuata nisingependa hata adui yangu yamkute.

Ilikuwa Januari, miaka ya sabini na kitu, mimi nikiwa mwalimu mpya niliyerudi nyumbani likizo, na rafiki yangu Zuhura alikuwa amepanda kutoka Voi kunitembelea. Alikuja na kinasa sauti cha kaka yake, cheusi, cha betri, akaapa mbele ya mama yake kwamba atakirudisha bila mkwaruzo. Jumamosi iliyofuata wazazi wa Mwadime walikuwa waje kwetu kumaliza mambo ya posa, na mimi Mwadime nilimtaka, nisiwafiche, nilimtaka mpaka nikiosha sufuria nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu.

Sasa siku hiyo jua lilikuwa kali. Watu wa bondeni husema huku milimani ni baridi tu, lakini Januari ile hata kuku walijilaza wametanua mbawa, na Baba (mzee wa kanisa, mtu wa kola iliyonyooka) alikuwa ameenda mkutanoni kanisani na Mama yangu naye, nyumbani tumebaki wawili. Zuhura akajipepea na upande wa leso akasema, "Shoga, uliniambia kwenu kuna baridi. Hii baridi mbona inanichoma?"

Basi nikafanya uamuzi wangu mdogo. Nikamwambia najua mahali pana ubaridi kama ndani ya mtungi, hapo chini tu, penye mwamba.

Mahali penyewe ni pango la ukoo wetu. Zamani, kabla ya wamisionari, watu wetu walikuwa wakimzika mtu, miaka ikapita, wakafukua fuvu lake wakaliweka pangoni pamoja na ya wenzake, akae hapo akiangalia watoto wake. Bado yapo, yamepangwa safu. Na ukienda hapo huingii kama unaingia dukani. Unachukua funda la kinywaji, unalipuliza nje, pfuu, matone yaende kila upande, kisha unasema maneno mema. Tunaita kutasa. Na si pangoni tu, mtu mwenye kinyongo naye hutasa, anakitaja kinyongo chake, anakitema, kimekwisha.

Zuhura alipoyaona yale mafuvu alisimama. "Wakesho, hawa ni watu."

"Ni mifupa," nikasema (mwalimu mzima, cheti ninacho). "Baba mwenyewe anasema ni mifupa."

"Hatupigi hata hodi?"

"Utayapigia mawe hodi?"

Tukatandika mkeka, tukaweka kopo letu la maji ya miwa lililojaa pomoni, na ubaridi ulikuwa mtamu kweli. Tukawasha kinasa sauti. Kwanza tukasoma habari kwa sauti nzito kama watangazaji, tukacheka, kisha tukasahau kama kinazunguka, tukaingia umbea. Zuhura akauliza habari za mama mkwe mtarajiwa. Mimi nikapandwa na mori. Nikasema Mama Mwadime salamu zake hazina mwisho, anaanza kukuamkia maharagwe yako mabichi anamaliza yameungua. Nikasema chumvi akikupa anaihesabu punje. Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi mtu akinicheka nazidi, ndio ugonjwa wangu, basi nikamaliza na neno hili ambalo hata kuliandika mkono unasita: "Ningejaliwa, ningempata Mwadime yatima."

Mwangwi wa pango ukalirudisha. *Yatima.* Zuhura aliacha kucheka. Akasema, "Astaghfirullah, wewe," nami nikasema ni mzaha tu, kisha usingizi ukatuchukua.

Kilichotuamsha ni kitufe cha mashine kuruka, tak, kaseti imefika mwisho. Nje jua bado lipo, nyuki wanaimba, kila kitu kama tulivyokiacha, isipokuwa miguu yangu ilikuwa inanata. Nikashika, nikanusa. Maji ya miwa. Sisimizi walishapanga foleni. Kopo lilikuwa palepale, limefunikwa, lakini nilipolifungua limepungua, na sisi tulikuwa hatujaonja hata tone.

"Umekunywa?" nikauliza.

"Nilikuwa nimelala. Umekunywa wewe?"

Tukatazamana. Halafu Zuhura akarudisha kaseti nyuma kidogo akabonyeza. Tukasikia nyuki. Tukasikia mimi nakoroma. Kisha tukasikia jiwe dogo linabiringika, na karibu kabisa na mashine, mtu anavuta pumzi.

*Pfuu.*

Sauti ikaanza kunena kwa lugha yetu, nzito, ya chinichini, kama mtu anayesemea ndani ya chungu. Ilisema: "Kama kuna hasira hapa, ishuke na haya maji. Wakesho abaki mzima. Aolewe, azae, mlango wake usikose mtu wa kuubisha." Na nyuma yake, watu wengi, taratibu, wakaitikia: "Na iwe hivyo."

Nadhani mimi ndiye niliyepiga kelele kwanza. Tulikimbia bila viatu, leso ya Zuhura ikabaki mtini, na miguu haichagui njia mtu akiogopa, tukajikuta tumeingia katikati ya mkutano wa kanisa pale uwanjani, mimi nalia, "Wamesema! Wa pangoni wamesema!"

Baba aliona aibu ikampanda mpaka masikioni. Mtoto wa mzee wa kanisa, mwalimu, analilia mafuvu mbele ya watu. Tulipomweleza habari ya mashine akapata mwanga. "Mashine haina pepo. Twendeni wote, muisikie, mambo haya yaishe leo." Watu wakainuka wote, na ndipo nikamwona Mama Mwadime, amekaa ukingoni mwa benchi la mwisho karibu na waliochelewa, kikapu magotini. Akainuka naye.

Hapo ndipo nilipokumbuka mwanzo wa kaseti. Mzimu niliusahau. Nikamshika Baba mkono njiani, nikamwambia, "Baba, ni pale mwisho tu penye sauti, huku mwanzo hakuna kitu."

"Tutaanza mwanzo," akasema Baba. "Ukweli hausikilizwi vipande."

Kwa hiyo tulisimama pale mwambani, watu kama arobaini, wazee wa ukoo mbele, mafuvu nyuma, na Zuhura akarudisha kaseti mpaka mwanzo akabonyeza. Habari za watangazaji watu wakacheka. Maharagwe yakaungua, wengine wakacheka, wengine wakageuka kumtazama Mama Mwadime. Chumvi ikahesabiwa, hakucheka mtu. Nikaangalia vidole vya miguu yangu nikiomba betri ife, na betri zilikuwa mpya. "Ningejaliwa, ningempata Mwadime yatima," nikasema mimi, kwa sauti safi ya mwalimu, na mwamba ukarudia.

Mama yangu alijifunika uso na kanga. Kumtamkia mtu kifo mbele ya wale ni jambo ambalo kwetu halina mzaha, na nilijua posa yangu imekufa hapo, Mwadime amekwenda, na ni kinywa changu kilichomfukuza. Kisha nikakoroma. Nilikoroma muda mrefu, jamani, nakoroma vibaya, na hakuna aliyethubutu kuondoka.

*Pfuu.*

Wazee walivua kofia. Sauti ikanena yote, mpaka mwisho, na wale wengi wakaitikia, na mzee mmoja wetu akaitikia nao bila kujua. Nyuki wakaimba tena muda mrefu, kisha kitufe kikaruka, tak. Hata Baba hakusema kuhusu mashine tena.

Watu wote wakamgeukia Mama Mwadime. Alikuwa mkavu wa uso. Akanitazama, akatazama pango, akasema, "Wakubwa wameshanena. Mimi ni nani? Jumamosi tutakuja." Akajitwika kikapu chake akaenda.

Nikaolewa. Miaka kama kumi nilimtii yule mama nikijua wazi kwamba hakunisamehe, alilazimishwa na mafuvu. Mpaka siku moja tulikuwa barazani kwake tunapukusa mahindi, mtoto wangu wa pili amelala mgongoni kwangu, akasema tu, macho yakiwa kwenye gunzi, "Yale maji yenu yalikuwa na uvundo wa kopo."

Mikono yangu ikasimama.

"Nilikuwa napita njia ya juu naenda mkutanoni," akasema. "Niliwasikia. Nikakaa juu ya jiwe nikalia kwanza. Nikaona nikienda na hasira hii kanisani, itanifuata mpaka Jumamosi, itamfuata na mwanangu. Mlipolala nikashuka nikatasa, nikafunika kopo nikaenda. Hiyo mashine sikujua kama inanishika."

Nililia, mtoto akaamka. Nilimwomba msamaha nikiwa na mahindi mkononi, yeye akasema huo msamaha wake nilishausikia siku ileile, mbele ya watu wote, sasa nalilia nini. Nikajipangusa, nikataka kucheka, ndipo nikakumbuka.

"Na waliokuitikia, Mama? Ulikuja na nani?"

Akaacha kupukusa. Nilikuwa sijawahi kumwona yule mama akiogopa kitu.

"Nilikuwa peke yangu, mwanangu," akasema. "Na mimi niliwasikia kwa mara ya kwanza pamoja na ninyi."

Tangu siku hiyo simsengenyi mtu, angalau si mahali penye ubaridi, na hata chai yangu mwenyewe siinywi kabla sijapuliza kidogo pembeni. Mume wangu hucheka, na watoto hucheka. Mimi nawaacha wacheke.