Mama wa Mwazye na Moyo Uliochoka

Nilipopangiwa wodi ya wanawake mjini Sumbawanga nilikuwa nesi mwenye miezi mitatu tu kazini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara binafsi zilipoanza kuachiwa huru. Mitumba ilitandazwa kila kona ya soko na maduka binafsi ya dawa yalianza kufunguliwa mtaa wa Mazwi, lakini vitanda vyetu vilikuwa vile vile vya zamani, visivyoinuka upande wa kichwa.

Vilinisumbua siku alipoletwa mama mmoja mkulima kutoka kijiji cha Mwazye. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nikibonyeza kifundo, kidole kiliacha shimo. Kila alipojinyoosha alikurupuka akihema kama mtu anayezama. Daktari wa zamu alimpima, akasema moyo wake umechoka kusukuma damu na maji yamejaa mapafuni. Akaandika dawa, kisha akaniambia, "Usimlaze huyu. Mwegemeze."

Nikachukua kiti cha mbao, nikakipindua kichwani pa kitanda ili mgongo wake uwe mteremko, nikatandika mablanketi mawili na mto. Mama akaegemea, akafumba macho. Haukupita muda akaanza kukoroma. Mdogo wake wa kike, aliyekuja kumuuguza, akaangua kilio.

"Wiki nzima hajalala hivi, nesi."

Kila asubuhi kabla ya uji nilimpandisha kwenye mizani. Vidonge vya kutoa maji vilifanya kazi, na kwa siku tatu uzito ulishuka. Siku ya nne ukapanda kilo mbili kwa mkupuo.

"Mizani hiyo imezeeka," nesi mwenzangu akasema.

Nikapanda mwenyewe. Uzito wangu ulikuwa ule ule. Basi aliyebadilika ni mgonjwa.

Mchana nikakaa karibu naye makusudi. Mdogo wake akafunua bakuli: migebuka, samaki wa ziwani, iliyokaushwa kwa chumvi.

"Dada, hiki ndicho kinachomrudisha nyuma," nikamwambia.

"Chakula chenu hakina ladha. Mgonjwa atapata wapi nguvu?"

Sikumgombeza. Niliubonyeza mguu wa dada yake ili alione lile shimo. "Chumvi inashikilia maji mwilini. Yakizidi, moyo unaelemewa, nayo yanapanda kifuani."

Akalifunika bakuli. Kesho yake alileta ugali wa ulezi na maharage yaliyoungwa kwa nyanya na kitunguu, akakamulia ndimu.

"Mnaniadhibu," mgonjwa akasema, uso kaukunja. Lakini akamaliza.

Uzito ukashuka tena. Wiki ya pili akaomba kiti kiondolewe. Nikakiondoa kwa wasiwasi, nikasimama kando nikihesabu pumzi zake. Alilala chali, kwa utulivu, hata sikuamini macho yangu.

Siku ya kuruhusiwa alikataa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Alipita katikati ya wodi kwa miguu yake, polepole, akiaga kitanda kwa kitanda. Wagonjwa wakapiga vigelegele. Hata matroni, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akapiga makofi. Mlangoni nikamkumbusha mama kwamba kabla ya kumeza kidonge cha moyo lazima ahesabu mapigo yake kwa dakika moja; yakiwa chini ya sitini, asimeze.

"Basi nifundishe, mwanangu," akasema.

Nikaviweka vidole vyake kwenye kifundo cha mkono wake, nikatazama saa. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Kufika ishirini, mgonjwa wa kitanda cha karibu alikuwa akihesabu naye. Kufika sabini na mbili, ilikuwa wodi nzima.