Wayua anarudisha siri za Kanyangi kabla ya Ijumaa

Ni saa moja kasorobo asubuhi, Jumanne, na Wayua Mulinge ananyunyizia maji vumbi lililo mbele ya saiba yake, duka la huduma za kompyuta, katika soko la Kanyangi, Kaunti ya Kitui. Bado hajafungua mlango wa mabati. Kwenye benchi ya nje wazee watatu wamekwisha kufika, kila mmoja na kitambulisho chake amekifunga kwenye leso.

"Mmelala?" anawauliza.

"Tumelala. Na wewe?" anajibu mama mmoja.

"Nimejaribu."

Anafungua kufuli, anawasha kompyuta mbili kati ya tatu alizo nazo, kisha anavuta sanduku la bati kutoka chini ya meza. Ndani mna kauntabuku moja yenye jalada jeusi. Kila ukurasa una jina la mtu, na chini ya jina yameandikwa maneno ya siri ya mtu huyo: la pensheni, la tovuti ya serikali, la simu.

Mwezi uliopita daftari hili lilikuwa na watu 118. Asubuhi ya leo wamebaki 31, na Wayua ana siku nne za kuwarudishia siri zao.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ndiyo mwisho wa kujibu barua ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilichompa nafasi na ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili katika usalama wa taarifa. Mwaka jana aliomba kuahirisha, wakamkubalia. Mwaka huu barua imesema wazi kwamba hakuna kuahirisha tena.

"Nikikubali, naondoka mwezi wa nane," anasema huku akifikicha macho. "Nikikataa, nitabaki hapa nachapisha matangazo ya mazishi. Zote mbili naziona, na zote mbili zinanichosha."

Wayua ana miaka 36. Alizaliwa Kalamba, Kaunti ya Makueni, akasomea kompyuta chuo kikuu, kisha akafanya kazi Nairobi miaka mitatu akilinda mitandao ya kampuni moja kwa mshahara wa shilingi 68,000. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Akaja Kanyangi kwa sababu chumba cha biashara kilikuwa shilingi 3,500 kwa mwezi. Siku nzuri hupata 900. Siku nyingi si nzuri.

Daftari hakulipanga. Mama mmoja alisahau neno lake la siri mara tatu kwa wiki moja, akamwambia, "Andika wewe, mimi nitapoteza." Wayua akaandika. Wiki iliyofuata mama huyo alirudi na dada zake wawili.

"Najua ni makosa," anasema. "Ningekuwa mwalimu, na mwanafunzi aniletee kazi kama hii, ningemwangusha."

Kazi ya saa hizi ni kulibomoa daftari hilo. Mteja anakaa mbele ya kompyuta, anatunga neno jipya la siri, na likishakubaliwa Wayua anaukata ukurasa wake kwa wembe na kumkabidhi. Wasiojua kusoma hutunga namba.

Leo wa kwanza ni Mama Ndila, mkulima wa pojo, aliyetembea saa moja na nusu kufika.

"Nitaweka Ndila," anasema.

"Huyo ni binti yako, Mama. Soko lote linamjua."

"Basi Ndila na mwaka aliozaliwa."

"Walikuwepo akizaliwa."

Wenzake kwenye benchi wanacheka. Mama Ndila hacheki. Anafikiri.

"Tafuta vitu vitatu ambavyo havijawahi kukutana," Wayua anamwambia. "Na kisiwe kitu ambacho kuna mtoto ameitwa."

"Kama sufuria na—"

"Usiniambie. Andika tu."

Anageukia ukuta na kutazama kalenda mpaka Mama Ndila aseme amemaliza. Inachukua dakika tisa. Hamharakishi.

Jambo hili la majina ndilo lililompatia Wayua nafasi ya chuo. Katika nyumba nyingi za Ukambani, msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Kwa hiyo ukiambiwa majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, umeambiwa na majina ya bibi zao. Na mitambo mingi, mtu akisahau neno lake la siri, humuuliza swali moja: mama yako anaitwa nani?

Mwaka jana, mwezi wa tatu, kuna mtu aliyelijua hilo. Alifika Kanyangi na meza, kitabu na fulana yenye nembo, akasema anaandikisha familia zitakazopewa mbegu. Hakuomba pesa. Aliomba namba ya simu, na majina ya watoto kuanzia wa kwanza. Baada ya wiki mbili, watu kumi na mmoja walikuta akiba zao zimehamishwa.

Mzee Kilonzo, 74, aliyekuwa dereva wa lori la maji, alipoteza shilingi 41,000 alizokuwa akiwekea tangi la maji ya mbuzi wake. Binti yake wa kwanza ni Kasyoki. Mama yake pia alikuwa Kasyoki.

"Aliniuliza kwa heshima," Mzee anasema. "Hata soda alininunulia."

Wiki aliyofika mtu huyo, saiba ilikuwa imefungwa. Mama yake Wayua alikuwa ameanguka huko Kalamba na kuvunjika nyonga, na Wayua alikaa naye wiki tatu. Nyonga ilikawia kupona, na ndiyo sababu alipopata nafasi baadaye mwaka huo aliahirisha masomo. Yule mtu aliweka meza yake kwenye veranda ya Wayua.

"Alikaa kwa benchi yake," anasema Mzee Kilonzo. "Sisi tukajua ni mtu wake."

Hakuna aliyemlaumu. Wayua anasema hilo ndilo lililokuwa zito kuliko lawama.

Aliyaandika yote katika barua ya maombi. Mhadhiri aliyemhoji kwa video alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani analinda lile daftari. "Mimi," Wayua akajibu. Akaulizwa tena: na wewe ukiondoka? Walimpa nafasi, lakini swali hilo lilibaki naye.

"Niliondoka wiki tatu tu, mwizi akaja," anasema. "Sasa nataka kwenda mwaka mmoja na nusu."

Jumatano saa sita mchana anampigia mama yake, Kanini, 71, ambaye sasa anatembelea fimbo. Simu iko kwenye spika kwa sababu mikono ya Wayua inapanga karatasi.

"Mwaitu, umekula?"

"Nimekula. Umewajibu hao watu?"

"Bado."

"Unaningojea mimi?"

Wayua anapanga upya karatasi zilezile.

"Ukikaa kwa sababu yangu," mama anasema taratibu, "nitakuwa naamka kila siku nikijaribu kutokuwa mgonjwa. Hiyo ni kazi, Wayua. Na mimi nimestaafu."

Wayua anacheka, kisha anaondoa miwani na kuifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Jirani yake, Beth Wangui, anasikia kila kitu kupitia ukuta wa mbao. Wangui alitoka Murang'a kuja kuuza dawa za mifugo, akabaki. Baada ya muda anaingia na kikombe cha chai, anakiweka mbali na kompyuta, anatoka. Umeme wa Wayua ulipokatika mwaka jana katikati ya kujaza fomu za chuo, ni Wangui aliyepitisha waya kutoka dukani kwake kupitia tundu la ukuta. Waya huo haujaondolewa mpaka leo.

Alhamisi jioni daftari lina ukurasa mmoja. Mzee Kilonzo amekuja mara mbili, na mara zote mbili amekataa kukaa kwenye kiti.

"Mimi niache humo," anasema. "Ukurasa mmoja si mzigo."

"Mzee, daftari litabaki na nani?"

"Libaki na wewe."

"Na nikienda?"

"Ndiyo hapo sasa."

"Mzee, nimechoka."

"Najua, mwanangu. Na mimi nimechoka kudanganywa. Mtu akishaibiwa hivyo, hata kichwa chake mwenyewe hakiamini tena."

Anavaa kofia yake na kwenda. Wayua anabaki amekaa, wembe mkononi. Anasema hawezi kuukata ukurasa huo kwa nguvu. Asipoweza kumrudishia mzee mmoja siri yake mwenyewe, anasema, haoni anachokwenda kusomea.

Ijumaa inafika saa tisa, kisha saa kumi. Barua ya chuo iko wazi kwenye kompyuta ya pembeni, haijajibiwa. Wangui amepita mlangoni mara nne, kila mara akitafuta kitu ambacho hakijapotea.

Saa kumi na dakika kumi, Mzee Kilonzo anaingia. Amenyoa ndevu.

"Nipe hicho kiti," anasema.

Anakaa. Anavua kofia na kuiegemeza juu ya kibodi, ili mkono wake tu uonekane ukiingia chini yake. Anabonyeza kwa kidole kimoja. Wayua anatazama kalenda. Mara ya kwanza kompyuta inakataa, maneno hayalingani. Mzee anavuta pumzi na kuanza upya. Wangui amesimama mlangoni na hasogei.

Mara ya pili inakubali.

Wayua anageuka. Anauliza kwa heshima, sauti ya chini, kama mtu yule alivyouliza: "Umeweka nini, Mzee?"

Mzee Kilonzo anamwangalia.

"Hata wewe sikuambii," anasema. "Hata ukininunulia soda."

Wayua anaukata ukurasa wa mwisho na kumpa kwa mikono miwili. Jalada jeusi linabaki tupu mezani.

Akimaliza masomo, anasema, anataka kurudi na kupita soko kwa soko, kuanzia Kanyangi hadi Nuu, na Kalamba upande wa pili, akifundisha watu kile alichomfundisha Mama Ndila. Hajui nani atamlipa. "Kwanza nikifika huko nitalala siku mbili," anasema. "Halafu nitaanza kuogopa."

Saa kumi na dakika thelathini na tano anabonyeza kukubali. Chuo kinamtaka afungue akaunti na atunge neno lake la siri. Anaweka vidole kwenye kibodi.

Mzee Kilonzo, bila kuambiwa, anageuza uso na kuanza kutazama kalenda.