Tumaini amesoma mbele ya darasa

Jamani, leo mwanangu amenifukuza shuleni!

Tumaini wangu alikuwa akiambiwa asome mbele ya watu anatetemeka, sauti inakauka. Mwalimu wake akaniambia, "Mama Tumaini, twende naye taratibu. Aanze kukusomea wewe, ila usimwangalie."

Basi kila jioni nachambua kahawa nimempa mgongo, yeye anasoma. Baadaye nikawa nageuka. Halafu tukamwita bibi jirani naye asikilize. (Mimi kusoma kwenyewe nasuasua, ila kusikiliza najua.)

Leo ikawa zamu ya darasa zima.

Nikaenda kuchungulia dirishani, moyo unanidunda kuliko wake. Kaanza vizuri. Mara akaniona, akanyamaza.

Nikasema basi, nimemharibia mtoto.

Akaniambia mbele ya wenzake, "Mama, nenda tu nyumbani. Naweza."

Darasa likacheka. Nikaondoka, nikamsikia anaendelea.

Jioni nikamwambia, "Haya, nisomee."

"Mama, ya nini tena? Mbona siogopi!" Akakimbilia kwa wenzake kucheza.

Nashukuru Mungu, kweli. Lakini tunaishi wawili tu, na nyumba imenyamaza.

Wenye watoto wakubwa, nyie mlizoeaje?