Cheni ya Mulago

Harufu ndiyo iliyonifungua macho. Jumamosi moja jioni mume wangu alirudi nyumbani Kyebando, na nilipochukua shati lake nilifue, likaninukia kama dawa ya kutoa rangi ya kucha. Mimi rangi sipaki. Naye anauza vipuri vya magari Kisenyi, na nguo zake kawaida hunuka grisi na mpira. Nililinusa tena, nikalitia kwenye beseni.

Kisha kibanio changu cha nyusi kikapotea. Halafu tupa ya kusugulia kucha.

"Labda panya," mume wangu alisema, macho kwenye chai.

"Panya aache mkate, abebe kibanio?"

Akacheka kidogo, akaomba sukari. Sukari ilikuwa mbele yake.

Tangu hapo nikawa na masikio kila mahali. Siku moja nikiwa naanika nguo, nilimsikia akiongea na simu nyuma ya nyumba. "Upande wa kulia umekaa vizuri. Huo mwingine usiuvute, utakatika. Ngoja Jumamosi nije tuushike pamoja."

Nilijitokeza na beseni langu. "Nani huyo?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa cheni," akasema, kisha nikaona anajutia neno lenyewe.

Cheni! Mimi tangu tuondoke Kenya shingo yangu haijaona hata uzi. Nikajiambia, basi kuna shingo nyingine.

Jumamosi iliyofuata aliaga kwamba anakwenda kuangalia mzigo. Nilimwacha apande boda, nami nikapanda ya kwangu. "Mfuate yule, ila usimkaribie," nilimwambia dereva.

"Ni bwana yako, nnyabo?"

"Endesha."

Alishuka Mulago, nyuma ya hospitali, akabisha kwenye nyumba yenye pazia la kijani. Msichana mzuri aliyejifunga mtandio akamfungulia, akampokea mfuko, wakaingia. Nilisimama kando ya muuza ndizi, nikinunua nisichokitaka, mpaka nikaona nitalia mbele za watu. Nikavuka barabara, nikaingia bila kubisha.

Chumbani palikuwa na meza iliyotandikwa gazeti. Upande mmoja mume wangu. Upande wa pili mwanamume niliyemjua vizuri: fundi wa gereji, Mnubi wa Bombo, ambaye kwa miaka alikuwa akichukua vipuri dukani kwetu. Kisenyi walisema amerudi kwao kulima. Mdomo wake sasa ulikuwa umevutika upande, na mkono wa kulia ukitetemeka juu ya gazeti. Katika vidole vya mkono huo kulikuwa na kibanio changu.

Mbele yake palikuwa na kifaru cha vita cha plastiki, cha kuunganisha mwenyewe, kidogo cha kutosha kiganjani, na kando ya rula vipande vyembamba kama kucha za mtoto, vimepangwa mstari.

"Shemeji," akasema taratibu, maneno yakimtoka kwa shida. "Kaa. Usisimame pale kwa mlango."

Msichana alikuwa binti yake. Yeye ndiye aliyenieleza, kwa sababu mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Baba yake alipigwa na kiharusi. Hospitalini walimwambia avifanyishe vidole kazi ndogondogo. Akajaribu kuokota maharage, akachoka, akasema yeye si kuku. Ndipo kaka wa huyo binti, aliyeko Dubai, akatuma kile kifaru, na mume wangu akawa anakuja kumshikia. Vile vipande vilikuwa pingili za mnyororo wa kifaru, ndiyo cheni yenyewe: unaikata kila moja, unaisugua, unaigandisha kwa mwenzake, kisha unazungusha mnyororo kwenye magurudumu kabla gundi haijakauka. Gundi ndiyo ile harufu.

"Kwa nini mkafanya siri?" niliuliza.

"Fundi hana mkono," mgonjwa akajibu, "gari nani analeta?"

Nilivuta kigoda. Mnyororo wa kushoto ulikatika mara mbili mikononi mwao, na mara ya tatu nikaushika mimi chini ya gurudumu la nyuma, pumzi nimeibana, fundi akiuzungusha kwa vidole vyake vinavyoruka. Pingili ya mwisho ikakutana na ya kwanza. Akalia bila sauti, na binti yake akageukia dirisha.

Njiani kurudi nilimwambia mume wangu kwamba nimefurahi. Ilikuwa kweli. Lakini pia nilimtazama sana, kama mtu anayemwona mpangaji mpya.

Fundi alirudi gereji mvua zilipokwisha. Kazi nzito anamwachia mwenzake. Juzi mteja mmoja aliniinamia dukani, akauliza kama ni kweli yule mtu alipooza.

"Alikuwa Bombo," nikamwambia, "shughuli za familia."

Alichukua bidhaa yake, akaenda. Sidhani aliniamini.