Subira ya Mchina na Subira Yetu

Juzi, ndani ya basi la kutoka Woolwich, huku ughaibuni, walikaa mbele yangu wazee wawili wa kwetu pwani, wamevaa sare za walinzi wa maduka. Mmoja aliokota gazeti lililoachwa kitini, akaona picha ya manowari mpya ya China. Akaifunika kwa kiganja, kama anayemfumba mtu macho.

"Hawa ndio walionifundisha uanamaji," alimwambia mwenzake. "Enzi hizo walikuwa na boti ndogo za doria tu. Nikamtania mwalimu wangu, 'Nchi kubwa hivyo, mnatuletea vidau?' Hakukasirika. Akasema, 'Tunasubiri, huku tunajifunza.'"

"Na sasa?"

"Sasa wana manowari, wana nyambizi. Humu wameandika kwamba vita ikija, watavuruga kwanza kompyuta za adui, kabla hata ya kufyatua risasi."

"Na ile boti waliyokufundishia?"

"Iliozea gatini. Spea hazikuwepo, nasi tulikuwa tunasubiri wao wazilete."

Mzee alilikunja gazeti taratibu, akalirudisha kitini, akageukia dirisha lililojaa mvua.

Tumezoea kufarijiana kwamba subira yavuta heri. Lakini, msomaji wangu, iko subira ya mtu anayefanya kazi, na iko subira ya mtu aliyekaa, nasi miaka yote hii tumeziita zote kwa jina moja.