Sauti ya Mama na Kitufe cha Kusasisha

Ni mimi niliyebonyeza. Kwa miaka miwili nilisema ni dada yangu mdogo, na nilisema hivyo kwa sauti ya mhadhiri, ile isiyoulizwa maswali.

Yeye ndiye aliyebaki kijijini Wamagana na mama. Jioni, mama akichambua maharagwe, dada alimrekodi kwenye kompyuta akisimulia habari za shamba na za wazee wetu. Kisha mama akapata kiharusi, akapoteza usemi. Sauti yake ikabaki mle ndani tu.

Nilipoenda kuwaona, niliazima kompyuta hiyo nisome habari. Ukurasa ukafunikwa na tangazo: kivinjari chako kimepitwa na wakati, sasisha sasa. Mimi mwenye shahada mbili nikatii kama mtoto wa nasari. Leo najua nilichopaswa kuona. Tangazo lilitoka kwenye ule ukurasa, si kwenye kivinjari chenyewe. Lilinitisha ili niharakishe. Lilinipa faili nipakue na kulifungua, ilhali kivinjari hujisasisha chenyewe, au mtu huingia kwenye mipangilio yake akaangalia. Ningefunga ukurasa tu, yangeisha.

Kesho yake hakuna rekodi hata moja iliyofunguka. Fundi wa Nyeri mjini alisema kuna programu hasidi iliyoingia ikafunga kila kitu, na yeye hana namna ya kufungua. Akauliza nani alipakua kitu. Nikasema dada yangu hupakua nyimbo za injili popote anapozikuta. Dada alitazama sakafu. Tangu siku hiyo hakugusa kompyuta tena, na mgeni akiuliza habari za zile rekodi, alijibu kwamba yeye ndiye aliyeziharibu.

Mwezi uliopita wanawake wa kanisa walipanga kuja kumwombea mama, wakaomba wasikie hata rekodi moja. Dada angelazimika kujieleza tena, safari hii mbele ya chumba kizima, mama akiwa ameketi pale anasikia. Nikampigia simu, nikamwambia ni mimi.



"Najua," akasema. "Nilikuwa nimesimama nyuma yako na kikombe cha chai. Nilikuona ukifinya."

Nikamuuliza mbona hakunizuia.

"Ningekuzuia aje, dada? Wewe ndio umesoma. Nilifikiri unajua."